Chuma Kilitoka

Mwanangu Lidia,

Salamu sikuandikii, maana tunakaa nyumba moja na leo asubuhi nimekusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta. Tungekuwa tunazungumza kama zamani, nisingeshika kalamu. Lakini tangu Jumapili hunijibu ila kwa ndiyo na hapana, na ukishapakuliwa chakula unabeba sahani yako unakwenda kula kwa jirani. Kesho lori litakuchukua pale Vwawa kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya utafika huko chuoni unakokwenda kusomea ualimu. Nikikuacha uondoke na neno ulilolisikia kanisani, litakuwa ndilo neno langu la mwisho kwako, na mimi sitaki liwe hilo.

Habari za sabuni na blanketi na kufunga sanduku vizuri hutazikuta humu. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukueleza habari ya kile chuma.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, ukisema unapiga miluzi. Labda unakumbuka mahema ya mzungu kule bondeni, na sukari aliyowapa watoto. Mengine mlifichwa, kisha mkayasikia nusunusu kwa watoto wenzenu. Nianzie mbali kidogo.

Mimi ni Mnamwanga wa Chapwa, unajua. Nilipoletwa hapa Unyiha kuolewa na baba yako nilikuwa nimebatizwa tayari, na yeye vilevile, na ndoa yetu ilifungwa kanisani. Wakwe zangu waliniita Namwinga, kwa jina la ukoo wetu, mpaka leo hawajaniita lingine. Nilikuwa najua kusoma, basi nikawa nafundisha akina mama kusoma Injili siku za Alhamisi, na sauti yangu ilikuwa nzuri, ikawa mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Nilikaa benchi la mbele. Nakuambia haya si kwa majivuno. Nataka ujue kwamba mama yako hakuzaliwa benchi la nyuma.

Ukoo wa baba yako walikuwa wafua chuma. Babu yako na baba yake na waliotangulia waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, marefu kupita mtu, wakafua majembe yaliyobebwa mpaka kwetu Unamwanga na ng'ambo ya mpaka. Baadaye majembe ya dukani yakaja, kazi ikafa. Nilipofika mimi matanuru yalikuwa vichuguu tu porini, mbuzi wanapanda juu. Baba yako aliikuta kazi ile mwishoni, akiwa kijana wa kubeba mkaa. Ila wakati mwingine tukipita karibu na vichuguu vile alikuwa anasimama. Anasimama tu, kisha tunaendelea.

Ndipo akaja yule mzungu aliyekuwa akikusanya habari za kale. Alikuwa mpole, anasalimia kila mtu. Alikuwa amesikia kwamba Wanyiha walijua kutoa chuma kwenye jiwe, akataka aone kwa macho yake kabla wazee hawajaisha. Akamwomba Mwene, yaani mtawala wetu, na Mwene akafurahi mno kwamba kuna mtu kutoka mbali anataka kitu cha kwetu. Wazee wanaojua kazi walikuwa wamebaki wawili, wote dhaifu. Akaitwa baba yako. Nilikuwepo barazani, nimekaa na wanawake, nikasikia.

Baba yako alisema, "Mwene, kazi ile ina dawa zake na maneno yake. Mimi ni Mkristo."

Mwene akasema, "Nani amekuambia uache Ukristo wako? Wewe washa moto."

"Wazee hawatawasha bila dawa."

"Basi dawa waweke wazee. Wewe utaangalia pembeni."

Watu wakacheka, na baba yako naye akacheka, akakubali. Usimlaumu. Nilimtazama usoni siku ile, alikuwa kama mtoto aliyeambiwa kwamba marehemu baba yake anakuja kumsalimia. Hata mimi nilifurahi kwa ajili yake.

Wazee walitaka kungoja kiangazi, mkaa ukauke na upepo ukaze. Mgeni hakuweza kungoja, alikuwa na safari yake. Kwa hiyo walianza mvua zikiwa bado zinapiga. Mkaa ulichomwa kwenye unyevu. Nilipita pale siku moja nikaugusa, ukanipaka matope mkononi. Hilo nililiona mwenyewe, Lidia, wala sikuambiwa na mtu.

Wanaume walihamia porini kwenye tanuru, na sisi wake zao tukapewa miiko. Tusisuke nywele. Tusigombane. Na tusimpe mwanamume yeyote moto kutoka jikoni kwetu, maana kwa wazee wale tanuru lilikuwa mwanamke mwenye mimba, chuma ni mtoto, na sisi majumbani tuliushikilia uzazi ule kwa mwenendo wetu. Bibi Kayuni, yule mke wa ndugu yake babu yako, ndiye aliyekuja kutueleza. Aliponifikia mimi nilicheka. Sikucheka kwa ubaya. Nilikuwa nimetoka kufundisha Injili siku ileile, nikaona kama ananisimulia hadithi za sungura. Wanawake wenzangu hawakucheka. Kicheko changu walikihifadhi.

Siku chache baadaye akapita mchuuzi wa chumvi. Unawajua wale wanaopanda kutoka mabonde ya Momba na mizigo yao ya chumvi ya magadi. Alikuwa mzee kidogo, amelowa, kiko chake kimezimika. Akasimama nje akabisha, akasema, "Mama, naomba kaa la moto." Nikachukua kaa kwa kigae nikampa. Akawasha kiko, akashukuru, akaenda zake. Hakuingia ndani. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pangu unachezea gunzi. Jirani mmoja alituona akiwa anatoka mtoni.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea.

Walipofungua tanuru hapakuwa na chuma. Palikuwa na mavi ya chuma tu, takataka nyeusi iliyogandamana na udongo, na mkaa ambao haukuungua hata nusu. Mzungu alisema haidhuru. Mwene aliona aibu mbele yake. Wale wazee wawili hawakuona aibu wala hawakushangaa. Walisema, "Kuna nyumba imevunjika." Maana yake, kuna mke wa mmoja wa wanaume wale wa tanuru amelala na mtu. Wakataka wake waulizwe.

Wenzangu walikuwa wazaliwa wa hapahapa, wana kaka na baba wa kuwasemea. Mimi nilikuwa wa Chapwa, niliyecheka, na niliyeonekana nikimpa mwanamume moto. Wengine wote waliwauliza kwa jina tu. Mimi waliniuliza kwelikweli.

Nilikataa. Nilikataa siku ya kwanza kwa hasira, siku ya pili kwa machozi. Baba yako hakurudi nyumbani. Alibaki porini, chakula akiletewa na dada yake, maana cha mkono wangu asingeweza kukila mpaka jambo limekwisha. Wewe ulikuwa unaniuliza, "Mama, baba amefanya nini hata haji?" Ulidhani yeye ndiye mwenye kosa. Na Mwene akatuma mtu kusema kwamba mgeni anakaribia kuondoka, na tanuru la pili haliwezi kuwashwa mpaka yule mwanamke aseme.

Ndipo akaja Bibi Kayuni, peke yake, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikupa wewe kwanza, ukanywa ukaenda nje. Kisha akafunga mlango. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo.

"Namwinga, sema."

"Niseme nini, bibi? Sikufanya."

"Najua."

Nikadhani sikusikia sawasawa. Nikamwuliza, "Unajua nini?"

"Najua hukufanya. Na mimi sikufanya. Mkwe wangu pia, mama yake huyo babu yao, hakufanya. Unadhani tulikuwa na nafasi ya kuzini, mtama haujapaliliwa na watoto wanalia? Tanuru likikataa, lazima mmoja wetu aseme. Akisema wanaume wanapata moyo, wanajenga tena vizuri, wanachoma mkaa mwingine. Chuma kinatoka. Watu wanapata majembe. Mwaka unapita."

"Na yule aliyesema?"

Akakiweka kibuyu chini. Kisha akasema, "Anakaa. Mimi si nimekaa?"

Nikamwambia kwamba mimi ni Mkristo na sitasema uongo. Akanitazama bila chuki. "Huyo Mungu wako unamsemesha kanisani," akasema. "Hawa ni wazee tu. Wape maneno wanayoyataka, mumeo arudi kwako."

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii. Nililikubali kwa sababu lilionekana kama mlango. Kumbe palikuwa na chumba kingine nyuma yake, na kile chumba hakikuwa na mlango. Jioni ile nilikwenda mbele ya wazee nikasema nimefanya. Wakauliza, na nani? Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nisingeweza kumtaja mtu wa kijijini, angeuawa. Nikasema, mchuuzi wa chumvi, jina lake silijui. Niliona kama nimemtaja mtu asiyekuwepo duniani.

Wanawake walinipeleka mtoni wakanisafisha kwa majani. Sitakuandikia namna ilivyokuwa. Kisha wanaume wakajenga tanuru la pili. Lakini sikiliza: hawakujenga pale pa kwanza. Walipanda juu mlimani kwenye upepo. Na mkaa mpya waliuanika chini ya paa la ghala la Mwene, karibu na moto, mpaka ukakauka ukawa unalia kama vigae. Nilimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akipita na kikapu, "Mbona safari hii mmehama?" Akasema, "Wazee wameamua." Basi hawakuwa wajinga wale wazee. Mikono yao ilijua kosa lilikuwa wapi. Vinywa vyao ndivyo vilivyosema mengine.

Na chuma kilitoka.

Vigelegele vilisikika mpaka huku. Baba yako alirudi asubuhi amebeba donge la chuma mikononi, kubwa kama kichwa cha mtoto, bado lina joto. Akaliweka mlangoni, akakaa karibu yangu akalia. Akasema, "Nimekusamehe, mama Lidia. Hatutalitaja tena."

Mwanangu, ungejibu nini? Yule mtu alikuwa ameyeyusha chuma kama baba yake. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni kwake. Ningesema wakati ule kwamba sikufanya, ningemnyang'anya chuma chake mikononi. Nikasema, "Ahsante, baba Lidia." Nilimshukuru kwa msamaha.

Mzungu kabla hajaondoka aliniita. Alikuwa ameelezwa, na alitaka asikie kwangu. Mkalimani akauliza, "Bwana anasema, ni kweli mke akikiri chuma hutoka?" Nikajibu kwamba ndivyo wazee wanavyosema. Akaandika. Huko uendako kuna vitabu vingi. Ukikuta kimoja chenye habari za Wanyiha na chuma chao, na mahali pameandikwa kwamba tanuru lilikataa, mke mmoja akakiri, na tanuru la pili likatoa, huyo mke ni mimi. Wanafunzi watasoma kwamba hiyo ndiyo imani ya watu wetu wa kale. Hawatasoma alichoniambia Bibi Kayuni. Yeye hakuulizwa, na sasa amekwisha fariki, kwa hiyo sina shahidi.

Kanisani habari zilifika kabla sijafika. Baba yako alitengwa kwa ajili ya dawa za wazee. Alitubu mbele ya watu, akarudishwa kundini msimu uleule. Mimi nilitengwa kwa ajili ya uzinzi. Ajabu iliyoje! Kanisa lilisema mambo ya tanuru ni giza na upuuzi, hayana kweli ndani yake. Ila lile moja la tanuru, kwamba mimi nimezini, hilo wakalipokea kuwa kweli. Niliambiwa nitubu nirudi. Nikakataa. Kwa wazee nilikuwa nimesema uongo, lakini mbele ya Mungu sikutaka. Ndiyo maana umeniona benchi la nyuma tangu ukiwa mdogo, wenzangu wakienda mezani kwa Bwana na mimi nikibaki nimeshika vitenge vyao na watoto wao. Watu walisema nina kiburi. Kilikuwa kitu changu kimoja kilichobaki kizima.

Sasa nikuambie la kosa langu, maana mpaka hapa nimejieleza kama mtu aliyetendewa tu.

Mwaka uliofuata yule mchuuzi alipita tena. Mimi nilikwisha mfanya mtu asiyekuwepo, na kumbe alikuwepo. Alikuwa mtu na mzigo wake wa chumvi, hana habari yoyote. Alisimama palepale nje akabisha. Kabla sijafungua kinywa vijana walikuwa wamekwisha mwona. Walimpiga. Walimwaga chumvi yake kwenye matope wakaikanyaga. Nilitoka mbio nikapiga kelele, "Mwacheni! Hakufanya kitu!" na kelele zangu zikawa ushahidi, maana mke mwema angemlilia nini? Yule mzee alikuwa chini, damu puani, akanitazama, akasema, "Mama, mimi si niliomba moto tu?"

Walicheka, Lidia. Walilipokea neno lile la moto kwa namna yao, la kitandani. Likawa la kutaniana vilabuni mwaka mzima. Yeye alisema kweli yote mbele ya watu wote, na hakuna aliyeisikia.

Hakupita tena. Sijui jina lake mpaka leo. Nikiomba dua namtaja kwa kusema "yule baba wa chumvi". Uongo nilioutoa ili mume wangu ale chakula changu ulimvunja mtu mwingine ambaye hakunikosea kitu. Sikufikiria kwamba unaweza kutembea mbali hivyo. Kama kuna neno moja nililolipata kwa gharama katika maisha yangu, ni hilo, na sijui hata namna ya kukupa ulitumie.

Kuna siku moja nilijaribu kutoka. Wewe ulikuwa umeanza shule. Tulikuwa shambani, mimi na baba yako, tunapalilia mahindi, hakuna mtu karibu. Nikamwambia, "Baba Lidia, sikufanya."

Akaendelea kulima. Nikadhani hakusikia. Akafika mwisho wa tuta, akageuka, akasema kwa upole kabisa, "Chuma kilitoka, mama Lidia."

Akaanza tuta jingine. Hajawahi kunipiga. Ndugu zake walipomshauri aoe mwingine alikataa. Ni mtu mwema, na mimi nampenda. Lakini akiniamini mimi, basi chuma cha baba yake kilikuwa mkaa mkavu na upepo, na dawa zile, na miiko, na mama zake wote waliosema, vilikuwa bure. Anaweza kunisamehe mimi maisha yake yote. Lile hawezi. Kwa hiyo naishi ndani ya msamaha wake. Kila siku natendewa wema kwa ajili ya dhambi nisiyoitenda, na kila siku napokea.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuna nyakati mimi mwenyewe nimejiuliza. Nilikuwa nimekatazwa kutoa moto, nikatoa. Je, kama kweli lile kaa ndilo lililoharibu? Nilicheka siku ile kwa sababu nilijua kusoma. Lakini nilipotoa moto tanuru likakataa, na niliposema nimezini likatoa, kichwa kinachojua kusoma hakikunisaidia sana. Imani ya watu wanaokuzunguka si kitu unachokitazama kwa mbali. Inaingia mpaka unapovuta pumzi. Mkono wangu uliogusa mkaa wenye matope ndio unaonirudisha kila mara.

Wewe nilikuona ukirudi kutoka shule na kanga imechanika. Ulipovunjika jino ukasema umeanguka. Mwalimu wako ndiye aliyenieleza kwamba ulipigana na wasichana walioniimba wimbo wa moto, ukawaambia ni waongo, mama yako hakufanya. Hukuwahi kuniuliza kama ni kweli. Uliamini tu, ukapigana. Nilikuwa nakukanda uvimbe kwa maji ya chumvi na siwezi kufungua kinywa, maana baba yako alikuwa chumba cha pili.

Ndipo nafasi ya chuo ikaja. Mwalimu Andulile, mwinjilisti wetu, alipaswa kuwaandikia wa chuoni kwamba unatoka nyumba isiyo na jambo. Unamjua, Mndali yule wa milima ya Ileje, mtu asiye na hila. Alikuja akakaa jikoni kwangu, akasema, "Mama Lidia, siwezi kuandika nyumba ni safi. Kuna jambo lako halijafungwa."

"Na kama sikufanya, Mwalimu?"

"Ulisema mwenyewe."

"Nilisema kwa wazee."

Akasema, "Basi ama uliwadanganya wazee, ama unanidanganya mimi. Ukisema uliwadanganya wazee, Mwene ataniuliza, na mumeo ataniuliza, na kijiji kizima kitageuka. Mimi siwezi kuamua. Siku ya mwisho ya kuandika ni Jumatatu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani aliniamini, au alikaribia, na jambo lile lilimtisha.

Jumapili nikasimama. Ulikuwa umekaa na waimbaji. Nilisema kwa sauti, mbele ya madhabahu, kwamba nilizini na mchuuzi wa chumvi na naomba radhi kwa Mungu na Kanisa na mume wangu. Neno nililolikataa miaka yote ile nikalitoa kwa pumzi moja. Watu wakaimba. Baba yako akainamisha kichwa. Nilikutafuta kwa macho, nikakuona umesimama huimbi. Tulipotoka nje ulinipita ukasema, "Kumbe ni kweli." Hilo ndilo neno lako la mwisho refu kwangu.

Sikulaumu. Ulivunjwa jino kwa ajili yangu, nami nikasimama nikawapa haki waliokupiga.

Jumapili ijayo nitaruhusiwa kusogea mezani kwa Bwana. Nimekingoja kikombe kile miaka na miaka, na sasa kinaletwa kwangu kwa njia ya uongo. Nisiposogea watasema toba yangu haikuwa toba, na wewe bado utakuwa mgeni huko chuoni, jina lako halijakauka kwenye karatasi. Kwa hiyo nitasogea. Nitakunywa. Mungu ataamua anavyojua. Namwomba bado, kila asubuhi, na sioni kwamba amenifungia mlango. Walionifungia wana majina, nawasalimia kila siku, na karibu wote ni watu wema.

Sikuambii umwulize baba yako. Usimwulize. Mwache na chuma chake. Wala usisimame likizoni kunitetea, maana watakuambia mama yako alisema mara mbili, na safari ya pili mbele ya Mungu, na hutakuwa na la kujibu. Barua hii nitakupa ukiwa umekwisha panda lori, ili usiisome katika nyumba hii na uso wako ukabadilika mezani.

Huko watakufundisha kuwafundisha watoto. Siku moja mtoto ataletwa mbele yako, au mwanamke, watu wote wakiwa wamekwisha kubali, naye mwenyewe amekubali. Sitakuambia ufanye nini. Mimi nilipokuwa na mtu mmoja tu wa kuniambia "najua", alilisema mlango ukiwa umefungwa, na alikuwa ameleta shauri la kunyamaza.

Nilipoanza kuandika nilidhani ninataka uniamini. Sasa nimefika mwisho na jua limeshuka, nasikia hatua zenu njiani, na naona hata usiponiamini nitakuwa nimepata kitu. Wazee niliwadanganya, baba yako nimemdanganya, na Jumapili nimedanganya mahali ambapo niliapa sitadanganya kamwe. Nilitaka awepo hapa duniani mtu mmoja ambaye kwake sijasema uongo.

Ni mimi mama yako,
Namwinga